KIBALI CHA KAZI NA MTU ANAYEHAMISHWA
Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wanajumuiya



Tumeombwa leo tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa la watu wachache, tena wenye nafasi zao: vibali vya kazi vya watumishi ambao kampuni yenye matawi katika nchi nyingi huwahamisha kutoka tawi hili hadi lile. Mmoja wa wajumbe wetu alipoisikia mada hii katika kikao cha maandalizi aliuliza, na twakiri kuwa aliuliza kwa haki, "Sisi wakulima na wachuuzi yatuhusu nini hayo?" Hatukumjibu siku ile. Tulimwomba aje leo, nasi twafurahi kumwona amekaa mstari wa mbele.

Yatuhusu kwa sababu mwaka huu watu wawili walibisha hodi katika ofisi ya Tume yetu kwa nyakati tofauti, bila mmoja kujua habari za mwenzake. Wa kwanza ni dada wa parokia hii, mhasibu. Wa pili ni kijana mgeni kutoka nchi ya mbali ya Asia. Wote wawili ni watumishi wa kampuni moja. Baadaye, kwa ridhaa yao, tuliwakutanisha, na wametupa ruhusa kuyasimulia yaliyowapata. Jina la kampuni hatutalitaja, wala bidhaa inazozitengeneza, kwa kuwa mashauri yao hayajakwisha na wote wawili bado wanapata riziki yao pale.

Tuanze na dada. Alisomeshwa uhasibu kwa taabu ya wazazi wake, akaajiriwa, na miaka 6 iliyopita akaja mkuu wa hesabu kutoka tawi la nje la kampuni hiyo hiyo. Katika karatasi za kumwombea mkuu huyo kibali paliandikwa jina la dada yetu, kwamba ndiye atakayefundishwa kazi mpaka aimudu, ili mgeni akiondoka yeye aishike. Hakuambiwa. Alikuja kujua baada ya miaka 2, siku alipotumwa kutoa nakala za karatasi za kuhuisha kibali, akaliona jina lake limepigwa chapa pamoja na sifa zake zote za shule. Asema alifurahi. Akazidisha bidii, akawa anabaki ofisini hadi jioni. Kibali kikahuishwa, miaka 2 mingine ikapita, mkuu akarudi kwao, na wiki ile ile akawasili mkuu mwingine kutoka tawi jingine. Katika maombi ya huyu naye, mrithi aliyetajwa ni dada yule yule.

Mara tatu ametajwa kuwa mrithi na mara tatu urithi umepita mlangoni pake. Sasa kibali cha mkuu huyu wa pili chakaribia kwisha, na dada amepewa karatasi aitie sahihi. Karatasi hiyo yasema kwamba amepata mafunzo katika mambo 12 yaliyoorodheshwa, na kwamba kwa maoni yake mwenyewe anahitaji muda zaidi kabla ya kukabidhiwa madaraka. Katika mambo hayo 12 amefundishwa 2. Akiitia sahihi atakuwa amesema uongo juu ya nafsi yake mwenyewe, tena kwa hasara yake mwenyewe. Asipoitia, anao watoto wanaosoma. Swali alilotuletea lilikuwa fupi: nitie, nisitie?

Tutalirudia. Kwanza hatuna budi kuelewa kibali hiki ni kitu gani, maana tuligundua kuwa hata sisi wajumbe wa Tume tulikuwa tukichanganya mambo.

Kumhamisha mtumishi kuvuka mpaka si jambo geni kwetu Afrika Mashariki. Wazee waliomo humu wanakumbuka mashirika ya Jumuiya iliyoundwa kwa mkataba wa mwaka 1967: Reli na Ndege makao yake makuu Nairobi, Bandari hapa Dar es Salaam, Posta na Simu Kampala. Fundi wa reli aliyezaliwa Tabora aliweza kupewa barua ya uhamisho akaenda kufanya kazi Nakuru, na karani wa Kisumu akaletwa Tanga. Wengi walioa huko, wakajenga, wakazaa. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983, watu hao walijikuta kati ya nchi mbili, mwajiri wao akiwa hayupo tena duniani. Mali na madeni ya Jumuiya yaligawanywa kwa makubaliano ya mwaka 1984, lakini madai ya mafao ya wazee wale yaliendelea miaka mingi baada ya hapo. Tuliwaona wakiandamana Dar es Salaam wakiwa na mvi na mikongojo. Twalitaja jambo hili kwa kuwa linaonyesha asili ya tatizo. Mtu anayehamishwa na mwajiri wake huwa amefungwa kwa kamba moja tu, nayo ni ya mwajiri. Kamba ikikatika, hana pengine pa kushika.

Leo sheria inayotawala jambo hili Tanzania Bara ni Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, Na. 1 ya mwaka 2015. Zanzibar wana sheria yao ya ajira, kwa kuwa kazi si jambo la Muungano ingawa uhamiaji ni la Muungano; wenye ndugu kule wasichanganye. Kabla ya mwaka 2015 mgeni aliyekuja kufanya kazi alitazamwa zaidi kwa Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995 na madaraja yake A, B na C. Sheria mpya ikatenganisha mambo mawili. Kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi. Kibali cha ukaazi hutolewa na Idara ya Uhamiaji. Mtu akiwa na kimoja bila kingine hajakamilika, na hapo ndipo wengi hunaswa, maana mwajiri huwaonyesha karatasi yenye mhuri na kuwaambia, "Umeshakamilika, nenda kazini."

Sheria yetu haina daraja la pekee kwa watu wanaohamishwa ndani ya kampuni. Huombewa vibali katika madaraja yale yale ya wataalamu wengine. Kibali hutolewa kwa muda wa miezi 24 na huweza kuhuishwa. Sheria ilipotungwa, jumla ya muda wote haikutakiwa kuzidi miaka 5. Mwaka 2021 kifungu hicho kilirekebishwa ikawa miaka 8. Kabla ya kumkubali mgeni, Kamishna atakiwa aridhike kuwa mwajiri alijitahidi kumtafuta Mtanzania mwenye ujuzi huo asimpate. Na mwajiri anawajibika kuandaa mpango wa kurithishana kazi, yaani kuonyesha ni nani miongoni mwa wenyeji atakayefundishwa na kuichukua kazi hiyo mgeni atakapoondoka. Hapo ndipo jina la dada yetu lilipoingia.

Kwa maoni yetu sheria hii ni njema. Twasema hivyo kwa makusudi, kwa sababu wako wanaosema kuwa ni ya kuwachukia wageni, na wako wengine, kwa bahati mbaya hata katika jumuiya zetu, wanaotaka itumike kwa kuwachukia wageni. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sheria imeweka namna ya huko kupona: mgeni aje na ujuzi, ujuzi ubaki. Kampuni nayo ina sababu za haki za kumleta mtu wake. Mtambo mpya ukifungwa, aliyeufunga kwingine mara kumi ndiye anayejua unavyougua. Hesabu za tawi zikitakiwa kulingana na za makao makuu, yafaa awepo anayejua mfumo wa makao makuu. Hatuna ugomvi na hayo. Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 1997 ilimruhusu mwekezaji mwenye cheti kuleta hadi watu 5 wakati wa kuanza, bila masumbufu mengi, na hilo lilieleweka.

Kasoro iko katika karatasi. Kamishna wa Kazi haoni ofisi ya dada yetu. Tangu mwaka 2021 maombi hupelekwa kwa njia ya mtandao, jambo lililopunguza foleni, na twalipongeza. Lakini anayesoma maombi huona kile tu alichoandikiwa. Anaona tangazo la kazi lililotolewa gazetini. Haoni kwamba tangazo hilo lilidai mwombaji awe na uzoefu wa miaka 15 katika mfumo unaotumiwa na kampuni hiyo peke yake, na ajue lugha ya nchi yenye makao makuu, na kwamba siku za kupeleka barua zilikuwa 5. Anaona jina la mrithi. Haoni kama mrithi huyo anaruhusiwa kuingia katika chumba ambamo hesabu zenyewe hufungwa mwisho wa mwezi.

Na ni nani anayeyaona hayo? Ni sisi. Aliyepiga chapa tangazo lile ni mkristo mwenzetu, karani wa utumishi, aliyeambiwa aandike hivyo naye akaandika. Dereva anayempeleka mkuu uwanja wa ndege anajua anasafiri mara ngapi na nani anayebaki akishika kazi yake. Hatusemi hivi ili watu wawe wapelelezi. Twasema ili mjumbe wetu wa mstari wa mbele aone kwa nini tulimwita: mkulima huyu ana binti anayesoma chuo cha uhasibu, naye atatafuta kazi katika mji ule ule ambao matangazo ya namna hiyo hupigwa chapa.

Sasa tuje kwa kijana mgeni, kwa maana haki haina upande mmoja.

Yeye aliletwa kama mtaalamu wa mitambo. Ndivyo kibali chake kisemavyo. Kazi anayoifanya ni ya ghala: kuhesabu magunia, kupokea malori, kukesha zamu za usiku. Mshahara wake hulipwa kwao kwa fedha ya kwao, kwa kiwango cha kwao, na hapa hupewa posho ya chakula na kitanda katika nyumba ya kampuni. Pasi yake ya kusafiria ilichukuliwa siku aliyowasili, akaambiwa ni kwa ajili ya usalama. Alikuja kwetu kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa naye aliomba kwenda kumwona, akajibiwa asubiri kazi itulie. Alisubiri miezi mitatu. Hakuwa na ghadhabu. Aliuliza tu kama sisi twamjua mtu anayeweza kumwombea pasi yake.

Tazameni jinsi alivyofungwa. Kibali cha kazi humtaja mwajiri na kazi. Hawezi kuvuka barabara akaajiriwa na jirani. Itabidi jirani aanze maombi upya. Akilalamika akafukuzwa, kibali hakina kazi tena na ukaazi wake unayumba. Akikaguliwa na kukutwa anafanya kazi isiyo ile iliyoandikwa, sheria inamgusa yeye pia, si mwajiri peke yake. Na mbaya zaidi, mahakama zetu zimewahi kuamua kwamba mkataba wa mgeni asiye na kibali halali hauna nguvu, ili asije akaufaidi uvunjaji wa sheria. Kwa hiyo yule aliyedanganya katika fomu anaweza kumtishia aliyedanganyiwa kwa uongo ule ule.

Tulimwambia mambo matatu ambayo twawaambia ninyi pia, kwa maana wageni wa namna yake wamo katika nyumba mnazopita mkienda sokoni. La kwanza, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamlinda mtumishi yeyote aliyeajiriwa Tanzania Bara, isipokuwa askari wa majeshi na vyombo vilivyotajwa humo. Haikuandikwa kwa raia tu. Inakataza hata ubaguzi wa utaifa. Saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki, na za ziada hulipwa mara moja na nusu. Kulipwa kwao hakumwondoi chini ya sheria hii wakati jasho lake lamwagika hapa. La pili, pasi ya kusafiria hukaa na mwenye pasi. Shirika la Kazi Duniani limetaja kuzuiliwa kwa hati za mtu kuwa mojawapo ya dalili za kazi ya kulazimishwa, pamoja na kuzuiliwa mshahara. La tatu ni muda. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Watu wengi wenye haki safi wamezipoteza kwa kuchelewa wakisubiri bwana mkubwa atulize hasira.

Mambo haya si ya kwetu tu. Mwaka 2014 Wizara ya Kazi ya Marekani ilitangaza kisa cha kampuni moja ya teknolojia huko Fremont, California, iliyowaleta watumishi 8 kutoka ofisi yake ya Bangalore, India, ili wafunge kompyuta. Walilipwa kwa rupia mshahara wao wa nyumbani, uliokuwa sawa na dola 1.21 kwa saa, katika jimbo ambalo kima cha chini wakati huo kilikuwa dola 8. Baadhi yao walifanya kazi hadi saa 122 katika wiki moja. Wiki nzima, ndugu zetu, ina saa 168. Kampuni ililazimishwa kuwalipa malimbikizo ya zaidi ya dola 40,000, na faini iliyotozwa ilikuwa ndogo mno, dola 3,520. Kampuni yenyewe ilisema haikujua kuwa watu hao wanapaswa kulipwa kwa sheria za Marekani. Tulipomsomea kijana wetu kisa hiki alicheka kwa mara ya kwanza tangu tumjue, akasema, "Kumbe hata huko!"

Huko Marekani kuna kibali cha pekee cha watu wa namna hii, kundi la L-1, kilichoanzishwa mwaka 1970. Mtumishi yapasa awe ameitumikia kampuni nje ya Marekani kwa mwaka 1 mfululizo katika miaka 3 iliyotangulia. Mkuu au meneja huweza kukaa hadi miaka 7, mwenye ujuzi maalumu miaka 5. Lakini kibali hicho hakina sharti la kulipa mshahara wa soko la pale, na hapo ndipo kelele za wafanyakazi wa Marekani zilipotokea. Jumuiya ya Ulaya, au Umoja wa Ulaya kama unavyoitwa sasa, ulifanya vizuri zaidi kwa maoni yetu: agizo lake la mwaka 2014 lataka malipo ya anayehamishwa yasiwe duni kuliko ya mwenyeji mwenye kazi ya kulingana naye, na lampa haki ya kuja na jamaa yake. Muda wa juu ni miaka 3 kwa mameneja na wataalamu, na mwaka 1 kwa wanaojifunza. Uingereza, iliyojitoa katika Umoja huo mwaka 2020, ina njia yake, ambayo tangu Aprili 2022 yaitwa kwa jina jipya. Njia hiyo haimfikishi mtu kwenye ukaazi wa kudumu hata akikaa miaka mingi.

Twawatajia haya kwa sababu watoto wetu nao huhamishwa. Yuko kijana wa kigango cha jirani aliyepelekwa na benki yake Nairobi. Yuko mwingine aliyepelekwa Dubai na kampuni ya mizigo. Anayehamishwa aulize kabla ya kupanda ndege: mkataba wangu utatawaliwa na sheria ya wapi? Nitalipwa fedha gani, na wapi? Kibali chaandika kazi gani, nami nitafanya ipi? Mke wangu au mume wangu ataruhusiwa kukaa, na kufanya kazi? Nikirudi, nafasi yangu ipo? Na michango yangu ya pensheni italipwa wapi muda nitakaokuwa nje? Swali hili la mwisho husahaulika sana, na wazee wa Reli wangeweza kulisimulia vizuri kuliko sisi.

Katika Jumuiya yetu mpya ya Afrika Mashariki, Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Mwananchi wa nchi mwanachama mwenye mkataba wa zaidi ya siku 90 huomba kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu kufunga mkataba, na mamlaka hutakiwa kujibu ndani ya siku 30. Hata hivyo kila nchi iliandika orodha yake ya kazi ilizozifungulia mlango, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa waliofungua kidogo kidogo. Msimtazame Mkenya au Mganda aliyehamishiwa hapa kana kwamba hana haki yoyote, na msimwambie pia kuwa hahitaji kibali.

Liko jambo moja lililotusumbua tulipokuwa tukitayarisha mada hii, nasi twalisema ingawa ni gumu kidogo. Mataifa yanapokutana kujadili biashara, watu wa aina hii hufunguliwa milango kwanza. Mkataba Mkuu wa Biashara ya Huduma wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza mwaka 1995, waruhusu nchi kuahidi kupokea watu watoao huduma, na ahadi nyingi zilizotolewa ni kwa wakuu, mameneja na wataalamu wanaohamishwa ndani ya kampuni. Mkataba wenyewe wasema hauwahusu wale wanaotafuta ajira katika soko la nchi nyingine. Yaani anayekwenda amebebwa na kampuni ana mlango. Anayekwenda na mikono yake miwili hana. Lakini mataifa hayo hayo yanapokutana kujadili haki za wafanyakazi, mtu huyu aliyefunguliwa mlango huachwa nje. Mkataba Na. 143 wa mwaka 1975 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Kenya na Uganda wameuridhia, una sehemu nzima juu ya usawa wa wahamiaji, na katika sehemu hiyo wamewekwa kando watumishi walioingizwa nchini kwa ombi la mwajiri wao kwa kazi maalumu na muda maalumu. Walioandika huenda walimfikiria meneja mwenye gari na nyumba, asiyehitaji kulindwa. Hawakumwona kijana wa ghalani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1990 juu ya wafanyakazi wahamiaji na jamaa zao, ulioanza kutumika mwaka 2003, uliwakumbuka watu hawa na kuwapa sehemu yao. Uganda na Rwanda wameuridhia. Tanzania bado, na twaona ni halali kwa walei kumwuliza mbunge wao kwa nini.

Kabla hatujarudi kwa dada, neno juu ya vishoka. Palipo na fomu nyingi, vishoka hawakosi. Hujiita washauri wa vibali, hukaa karibu na ofisi za serikali, huchukua fedha ya mgeni na ya mwajiri pia, na wakati mwingine hurudi na karatasi ya bandia. Wako waliopatikana na vibali vya namna hiyo wakiamini kabisa kuwa ni halali. Wenzetu wanaofanya kazi hii ya ushauri kwa uaminifu wapo, na hatuwavunjii heshima. Lakini kuna mwanajumuiya mmoja aliyetuambia bila kupepesa macho kwamba yeye "hurahisisha". Tulimwuliza hurahisisha nini, kwa kumpa nani kiasi gani. Hakurudi kikaoni. Twamkaribisha arudi.

Sasa lile swali: nitie, nisitie?

Tume haina mamlaka ya kumwamuru mtu ahatarishe riziki yake, na tulibishana sana. Wapo waliosema atie sahihi, kwa kuwa karatasi ni ya kampuni na dhambi ni ya kampuni. Wapo waliosema asitie, aende moja kwa moja kwa afisa kazi. Mwenyekiti wetu, aliyekuwa mwalimu miaka 31, alimwuliza dada swali ambalo sisi wengine hatukulifikiria: "Wataka nini hasa? Wamtaka mgeni aondoke, au waitaka kazi?" Dada alikaa kimya kitambo, akasema, "Nataka kufundishwa."

Basi tulimsaidia kuandika barua. Haimshitaki mtu. Yasema kwamba amepokea karatasi yenye mambo 12. Kwamba katika hayo amefundishwa 2, naye ameyataja na tarehe zake. Kwamba 10 yaliyobaki yuko tayari kuyajifunza, na anaomba ratiba ya miezi 12 yenye jina la atakayemfundisha kila jambo. Na kwamba ratiba hiyo ikiwekwa pamoja na maombi ya kibali, ataitia sahihi kwa furaha. Imeandikwa kwa ukurasa mmoja. Nakala moja ameiweka nyumbani kwa dada yake, na nyingine iko katika kabati la Tume. Tulimshauri asimpe mtu nakala halisi ya vyeti vyake wakati huu, na asiache kwenda kazini hata siku moja.

Barua ilipelekwa Jumatatu ya wiki iliyopita, ikagongwa mhuri wa kupokelewa. Jibu bado. Siku ya Alhamisi mkuu wa hesabu alimwita, wala si kwa ugomvi; akamwonyesha kwa mara ya kwanza jinsi hesabu za matawi zinavyounganishwa, akamwambia kuwa yeye mwenyewe hakujua jina la dada limo katika maombi yake, kwa maana karatasi zake zote ziliandaliwa na ofisi ya utumishi naye alitia sahihi tu. Hatujui kama ni kweli. Dada asema anamwamini.

Kijana wa ghalani alirudishiwa pasi yake baada ya wajumbe wetu wawili kwenda kuzungumza na meneja, nayo sasa anaifunga kiunoni hata akiwa usingizini. Fomu ya malalamiko ya mshahara ameijaza kwa msaada wa mwanasheria anayejitolea Tume, na siku 60 zake zinahesabiwa ukutani mwa ofisi yetu. Mama yake bado anaugua. Tiketi ya kwenda kumwona yahitaji mchango, na bahasha iko mezani kwa katibu, karibu na daftari la mahudhurio.